Siku ya Kurudi: Kutoka Kibenga hadi Unguja

Mwezi wa Aprili mimi na binamu yangu tulianza kupanga safari ya Unguja. Tulikaa barazani nyumbani kwetu Kibenga, kusini mwa Bujumbura, tukiwa na daftari moja katikati yetu. Kutoka pale tunaliona Ziwa Tanganyika kati ya mapaa ya nyumba, na ng'ambo yake milima ya Uvira upande wa Kongo. Tuliandika mambo ambayo kila mtu anayekwenda likizo huyaandika: nauli, malazi, chakula, pasipoti, jina la mtu wa kutupokea. Fedha zangu nilikuwa nimezikusanya kwa mwaka mzima nikiwafundisha watoto wa jirani hesabu na Kifaransa. Binamu yangu alikuwa na zake za kushona nguo.

Jumapili tulikwenda Buyenzi kumwarifu bibi yetu. Baada ya shikamoo na chai tulimfungulia daftari, nikamsomea ukurasa mzima. Nilitegemea aulize kuhusu fedha, au aulize nani atatulinda njiani, maana sisi ni wasichana wawili. Hakuuliza hayo. Aliuliza jambo moja tu: "Siku ya kurudi ni ipi?"

Nilimjibu kwamba hatujaiweka, tutaona tukishafika.

"Basi hamjapanga safari, wajukuu zangu," akasema. "Mmepanga kuondoka tu."

Halafu akatusimulia tena habari ambayo katika familia yetu husimuliwa kwa maneno machache. Bibi yake yeye alizaliwa Manyema, magharibi ya ziwa. Alikamatwa akiwa mtoto pamoja na dada yake mkubwa, wakavushwa ziwa kwa mtumbwi hadi Ujiji. Mdogo aliugua, akaachwa pale, akakua pale, na watoto wake ndio waliokuja baadaye Usumbura na kukaa Buyenzi. Mkubwa alifungwa pamoja na wengine akapelekwa pwani. Nyumbani hatusemi kwamba alikufa wala kwamba aliuzwa. Tunasema "aliendelea na safari".

Mimi ni mwanafunzi wa historia, lakini nilikuwa sijawahi kuiweka habari hiyo mahali pake kwenye ramani. Katika insha hii nataka kufanya hivyo. Nitaeleza jinsi njia kati ya ziwa letu na Unguja ilivyopangwa tangu karne ya 19, na nani aliyeipanga. Nataka kuonyesha kwamba kinachomtofautisha msafiri na mtu aliyechukuliwa ni marejeo, wala si umbali wa njia au ugumu wake.

Nianze karibu na nyumbani. Ukitoka Kibenga kwa barabara ya Rumonge na kwenda kama kilometa kumi kusini, unafika Mugere, penye jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wanafunzi wengi wa hapa huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji mapema mwezi huohuo, kisha wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini kutazama Mto Rusizi, kwa sababu Wazungu walikuwa wakibishana kama mto huo unatoka ziwani au unaingia. Waliona kwa macho kwamba unaingia. Mugere walilala siku mbili tu.

Kinachonivutia mimi ni jinsi Stanley alivyojiandaa kufika hapa. Alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Unguja mwezi Januari 1871, na hakuwa amewahi kusafiri bara. Kwa hiyo alifanya tunachofanya sisi na daftari letu: aliuliza watu waliokwisha kwenda. Wafanyabiashara wa Unguja walimweleza kwamba watu 100 wanahitaji doti kumi za kitambaa kwa siku ili kununua chakula njiani. Doti moja ilikuwa yadi nne. Leo doti kwetu ni jozi ya khanga au kitenge unachomzawadia shangazi. Wakati ule doti ilikuwa pesa ya njiani. Kitambaa kilichopendwa zaidi kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Marekani, nchi iliyokuwa na mkataba wa biashara na Sultani tangu mwaka 1833. Kulikuwa pia na kaniki, iliyotoka India.

Baada ya vitambaa zilikuja shanga, na hapo hesabu iliharibika. Kila nchi ilikuwa na shanga zake. Rangi iliyopokewa Unyamwezi ingeweza kukataliwa mbele kidogo, na Ujiji sokoni zilitumika shanga ziitwazo sofi, ambazo zilifanya kazi ya sarafu kabisa. Stanley anakiri katika kitabu chake kwamba jambo hilo lilimtia wasiwasi sana. Akichukua za aina isiyotakiwa, amebeba uzito bure. Niliposoma hayo niliangalia ukurasa wangu wa fedha, wenye safu tatu, yaani faranga za Burundi, shilingi za Tanzania na dola kidogo. Nikamwonea huruma.

Mizigo hiyo yote ilibebwa vichwani na mabegani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, ambazo ni karibu kilo 32. Stanley aliwagawa watu wake, waliokaribia 200, katika misafara mitano, na wa mwisho ulitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871. Alifika Ujiji mwezi Novemba. Miaka 14 kabla yake, Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Wote hao walitumia zaidi ya miezi saba. Mimi na binamu yangu tumeandika basi hadi mpaka wa Mugina, kuvuka upande wa Manyovu, kushuka Kigoma, kupanda treni hadi Dar es Salaam kupitia Tabora na Dodoma, kisha boti ya saa mbili hivi hadi Unguja. Ni njia ileile kwa sehemu kubwa, ila imegeuzwa kichwa.

Nilipofika hapo nilidhani nimeshapata jibu la insha. Nilitaka kuandika kwamba njia ilipangwa kisiwani kwa faida ya kisiwa, na sisi wa ziwani tulikuwa mwisho wa kamba. Lakini nikiandika hivyo nitakuwa nimewasahau Wanyamwezi.

Kabla ya msafara wowote wa Kizungu, na kabla Waarabu wengi hawajaingia bara, Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuifikia pwani wenyewe, mwanzoni mwa karne ya 19, wakipeleka pembe za ndovu. Baadaye walikuwa ndio wapagazi wakubwa wa njia ya kati. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walifanya kazi kwa ujira, walijadiliana bei, na mwajiri akikosa kutimiza ahadi waliweza kuweka mizigo chini na kuondoka. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa alama ya utu uzima. Na kalenda yao ilifuata shamba: waliondoka baada ya mavuno, wakijitahidi kuwa nyumbani mvua zinapoanza, ili walime. Hakuna aliyeandika siku hiyo kwenye daftari. Iliandikwa kwenye udongo.

Wale waliotoka ng'ambo ya bahari nao walikuwa na siku yao. Majahazi ya Arabuni na India yalikuja Unguja na upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia mwezi wa Desemba hivi hadi Machi. Kusi ilipoanza, kati ya Aprili na Septemba, yaliweza kugeuza tanga na kurudi kwao. Nahodha aliyechelewa alikaa Unguja miezi mingi akisubiri. Biashara yote ya Bahari ya Hindi ilisimama juu ya jambo hilo moja, kwamba upepo uliokuleta una mwenzake wa kukurudisha.

Kwa hiyo katika njia hii kila mtu aliyepanga alikuwa na marejeo. Mnyamwezi alikuwa na mvua zake, nahodha alikuwa na kusi, Stanley alikuwa na gazeti lililomsubiri, na kweli mwezi Mei 1872 alikuwa Bagamoyo tena. Hata Livingstone, ambaye hakutaka kurudi na ambaye alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwili wake ulirudi. Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na ukazikwa London.

Dada wa bibi yake bibi yangu alipita njia hiyohiyo. Alilala kwenye kambi zilezile na kunywa maji ya visima vilevile. Huenda alitembea pamoja na wapagazi waliokuwa wakihesabu miezi ya kurudi kulima. Yeye hakuwa na kitu cha kuhesabu. Ndipo nilipoelewa swali la bibi.

Hapa lazima niweke mambo mawili sawa, kwa sababu wenzangu darasani huyachanganya.

La kwanza ni kuhusu Burundi. Tunapenda kusema kwamba nchi yetu haikuguswa na biashara ya watumwa, kwa sababu Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa pwani. Ni kweli kwamba aliwazuia. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, mzaliwa wa Lindi aliyejenga nguvu zake Ujiji katika miaka ya 1880, alijaribu kuingia Burundi na akashindwa. Lakini ufalme ulikuwa na nguvu zake milimani. Huku chini, kwenye tambarare ya Imbo na kando ya ziwa, mahali ambapo leo ipo Kibenga, watu waliishi wakiyatazama maji kwa hofu, maana watu wa Rumaliza walizisumbua pwani za kaskazini ya ziwa. Sifa ya mlima isitufanye tusahau ufukwe. Na sisi wa Buyenzi, ambao mababu zetu wengi walitoka Manyema na Ujiji, ni Warundi pia. Historia yetu ni sehemu ya historia ya nchi hii.

La pili ni kuhusu tarehe. Vitabu vya shule husema utumwa ulikwisha Unguja mwaka 1873. Mwaka huo, mwezi Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza na soko la watumwa likafungwa. Lakini kufunga soko si kufunga njia. Misafara iliendelea bara, na watu waliendelea kuvushwa kwa siri, hasa kwenda Pemba, kwa sababu kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na mashamba ya Pemba yakapata thamani zaidi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Tanganyika ilifutwa mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Nikipiga hesabu ya vizazi, bibi yake bibi yangu alikamatwa kati ya mwaka 1885 na 1890, yaani zaidi ya miaka kumi baada ya soko "kufungwa". Kwa muda mrefu nilidhani wazee wamekosea. Hawakukosea.

Je, hakuna kabisa aliyerudi? Yupo mmoja ambaye jina lake limebaki. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa Unguja, akapelekwa India. Alikaa huko miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki na yeye akawa huru. Alirudi Afrika, na mwaka 1857 akaondoka na Burton na Speke kuja huku kwenye ziwa. Alikuwepo pia katika safari ya Stanley ya mwaka 1871. Mtu huyu aliyechukuliwa bila siku ya kurudi ndiye aliyewaongoza wengine waende na warudi. Hata hivyo, alirudi Unguja. Kijiji alichozaliwa hakukirudia.

Baadaye njia ilibadilika. Wajerumani walijenga reli ya kati, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Miezi saba ikawa siku chache. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji, ambao walikuwa wamechukua Burundi na Rwanda, walikubaliana na Waingereza mwaka 1921 wapewe sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mizigo ya Usumbura ikapita huko, na kahawa yetu ikashuka baharini kwa njia hiyo. Mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndiyo maana mimi na binamu yangu tunaweza kwenda na pasipoti bila kuomba viza.

Unguja nayo ilibadilika. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilikuwa nchi huru ya visiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ikaungana na Tanganyika. Hadi leo ukishuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam, mgeni unaonyesha pasipoti tena. Wengine huona ni usumbufu. Mimi nafikiri ni historia inayoomba kutambuliwa.

Tulipomaliza hesabu ya njia, binamu yangu na mimi tulibishana kuhusu jambo lingine: tukifika tutafanya nini? Yeye anataka bahari. Hajawahi kuona maji ya chumvi, anataka kukaa mchangani Nungwi na kula pweza. Mimi nilikuwa nimeandika Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko, na sanamu za watu waliofungwa mnyororo shimoni. Niliandika pia vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali watumwa walipofungiwa. Hivyo nimevifuta baada ya kusoma zaidi: wanahistoria kadhaa wametia shaka, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Sitaki kulia mahali pasipo penyewe.

Binamu yangu aliniambia, "Wewe unakwenda msibani, mimi nakwenda konje." Konje ndilo neno letu la Bujumbura kwa likizo, kutoka Kifaransa. Nilikasirika kwanza. Kisha nikaona kwamba ana haki. Unguja si kaburi la familia yetu. Ni mji wa watu wanaoishi, na miongoni mwao wapo wengi ambao mababu zao walitoka Manyema, Unyamwezi, kwa Wayao na Nyasa. Kama yule dada mkubwa alifika, na kama alizaa, basi wajukuu wa wajukuu zake huenda wanauza pweza hapo Nungwi au wanafundisha shule Pemba. Hatutawajua, nao hawatatujua. Lakini tutasalimiana kwa lugha moja, lugha iliyopanda kuja huku kwa njia ileile iliyomteremsha yeye. Kukaa mchangani kwa raha karibu na watu hao si dharau kwake. Nafikiri hakuna mtu wa familia yetu aliyewahi kwenda upande ule kwa kupenda.

Basi tumepanga siku mbili za bahari na siku moja ya Mkunazini, na binamu yangu amekubali kuja nami huko, mimi nikikubali kula pweza.

Tumechagua mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi kwetu, na kule ni wakati wa kusi, jua si kali sana. Jumapili iliyopita tulirudi Buyenzi na daftari. Safari hii ukurasa nimeuandika upya, na mstari wa kwanza kabisa, kabla ya nauli na kabla ya malazi, ni siku ya kurudi: Jumamosi, tarehe 26 Julai, jioni, Kibenga. Bibi alinyoosha kidole juu ya mstari huo akauliza umeandikwa nini, maana miwani yake ilikuwa ndani. Nikamsomea. Akatulia kidogo, kisha akasema tumletee karafuu, lakini si nyingi.

Akaniambia nimsomee tena. Nikamsomea tena.